Mke wa Mchekeshaji, na Mchekeshaji Mwenyewe

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu kicheko, na hasa mwanamke aliyekifanya kicheko kuwa kazi yake. Nami naomba radhi mapema kwa yule atakayeona kwamba jambo hili ni dogo mno likiwekwa kando ya bei ya mpunga na mafuriko ya mwaka huu. Marehemu Shaaban Robert hakuona taabu kukaa na kuandika kitabu kizima juu ya maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji. Na kama mshairi yule aliona wasifu wa msanii mwanamke unastahili wino wake, basi mimi nitakuwa na kiburi gani cha kuuona haustahili robo saa yangu? Hata hivyo nakiri kwamba nilikuwa na dhana hiyohiyo ya udogo hadi Jumamosi moja, mwishoni mwa masika, nilipokwenda Lyulilo kununua chungu.

Lyulilo, kwa msikilizaji aliye mbali, ni ufukwe wa Ziwa Nyasa ulio karibu na Matema, pale milima ya Livingstone inaposhuka kwa ghafla kana kwamba inataka kutia miguu ziwani. Na hapo kila Jumamosi wanawake wa Kikisi hushusha mitumbwini vyungu walivyovifinyanga Ikombe na vijiji vya mbele yake, wakavipanga mchangani kwa ukubwa, vikubwa mbele na vidogo nyuma, mithili ya mama na wanawe waendao kanisani. Mnunuzi huinama, hukinyanyua chungu, hukigonga kwa kifundo cha kidole na kukitegea sikio, maana chungu kizima hulia, na chenye ufa hukohoa.

Siku hiyo palikuwa na bwana mmoja, mtu mzima, mwenye viatu vya kung'aa na mwavuli kwapani, ambaye alikigonga chungu kimoja mara nyingi kuliko ilivyo lazima, akainamisha shingo upande, akafumba jicho moja, akataja nusu ya bei, akaondoka kwa taadhima, akarudi, akagonga tena, akaondoka tena. Alipokwisha kuondoka mara ya tatu, mama mwenye vyungu, mwanamke wa makamo ambaye hadi hapo hakuwa ametamka neno ila bei yake, aliokota kijiti akakitia kwapani, akanyanyua chungu, akainamisha shingo, akafumba jicho. Na bila ya kusema lolote akawa yule bwana mzimamzima, viatu vyake na vyote, ilhali yeye mwenyewe alikuwa pekupeku. Soko likaangua kicheko. Kwa bahati mbaya, au nzuri, yule bwana alirudi mara ya nne, akajikuta anajitazama. Akasimama kitambo kama mtu aliyeonyeshwa picha yake aliyopigwa bila kujua, kisha akasema kwa upole, "Mama, mimi siinamishi shingo namna hiyo". Na huku anasema, shingo ilikuwa imekwisha kulala upande, vilevile hasa.

Nilirudi mjini na chungu changu mapajani, nikiwaza kwamba ufundi ule, ambao mama yule aliufanya bure kati ya mteja mmoja na mwingine, ndio uleule uliompeleka binti mmoja wa Kabale hadi majukwaa ya London na Lagos. Namsema Anne Kansiime.

Vijana hawahitaji kuelezwa Kansiime ni nani, kwa kuwa wanaye mfukoni. Nimewaona gatini Itungi, vichwa vinne vimekutana juu ya simu moja, wakicheka kabla hajafungua kinywa, kwa sababu wamekwisha kujua kitakachotoka. Ila kwa wazee wenzangu, ambao simu zetu ni za kupokea habari za misiba, nitaeleza. Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1986 huko Mparo, Rukiga, katika nchi ya Kabale, kusini-magharibi ya Uganda, nchi ya baridi yenye vilima vilivyokatwa matuta hadi kileleni, ambayo mtu wa Tukuyu akishushwa usiku na kuamka asubuhi huenda akadhani amelala kwao. Wana na ziwa lao, Bunyonyi, dogo mbele ya hili letu, lakini lenye visiwa vingi. Jina la Kansiime, kwa lugha ya Kikiga, limetokana na kushukuru. Jambo ambalo sisi wa huku, tunaoitikia salamu kwa "ndaga" na kutoa shukrani kwa "ndaga" ileile, hatuwezi kulipita bila ya tabasamu, kwa maana kama yupo mwanamke katika maigizo ya Afrika Mashariki ambaye haonyeshi dalili yoyote ya kushukuru, ni huyu anayeigizwa na Kansiime.

Baba yake alikuwa mtumishi wa benki, na mama yake alishika nyumba. Alisoma Kabale, kisha katika shule ya wasichana ya Bweranyangi huko Bushenyi, na mwisho Chuo Kikuu cha Makerere, alikotoka na shahada ya sayansi ya jamii. Wapo wanaocheka kwamba shahada ile ilipotea bure, na mimi nawauliza: mtu aliyefundishwa kutazama jinsi watu wanavyokaa pamoja, wanavyodanganyana, wanavyooneana haya na kuogopana, kisha akashinda akiyaonyesha hayo kwa miaka, amepoteza nini?

Mwaka 2007 alijiunga na kundi lililoitwa Theatre Factory, lililokuwa likicheza katika Jumba la Taifa la Maigizo mjini Kampala. Jumba lile lina historia ambayo haifai kurukwa. Lilifunguliwa mwaka 1959, Waingereza wakingali watawala. Na mwaka 1977, zama za Idi Amin, Byron Kawadwa, aliyekuwa kiongozi wa sanaa mahali pale, alikamatwa na kuuawa muda mfupi baada ya kurudi kutoka tamasha la Lagos, alikopeleka mchezo wake. Basi kizazi cha Kansiime kilipopanda jukwaa lile na kuwachekesha watu kwa habari za foleni, za wake na waume, za wakubwa na vimwana wao, kilikuwa kinacheka mahali ambapo si zamani kicheko kiliweza kumgharimu mtu uhai wake, na sidhani kwamba wazee waliokaa viti vya nyuma walilisahau jambo hilo.

Kundi lile lilipovunjika, Kansiime akawa katika jingine lililochukua nafasi yake, Fun Factory. Kisha akaanza kujirekodi katika vichekesho vifupi, vya dakika chache tu, na kuvitia katika mtandao wa YouTube. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyempa ruhusa. Watu wakavipokea kwa wingi hata runinga ya Citizen ya Nairobi ikampa kipindi chake mwenyewe, ambacho jina lake la Kiingereza ni onyo kwa mtazamaji: usimchezee Kansiime. Baada ya hapo zikafuata safari: Kigali, Lusaka, Harare, Gaborone, Lagos, London, hadi Kuala Lumpur, na katika orodha hiyo imo miji ya Lilongwe na Blantyre, ambayo msikilizaji wa Kyela anaifikiria kwa namna nyingine kabisa, kwa kuwa ukivuka daraja la Songwe pale Kasumulu uko katika nchi ile. Jirani zetu wa ng'ambo ya mto walimwona kwa macho, na sisi tukaishia kumwona kwenye kioo chenye ufa.

Sasa tumtazame kwa karibu. Anayeigizwa ni mke ambaye hakubali kudanganywa, au mhudumu wa baa ambaye mteja ndiye anayemwogopa, au mama, au msichana aliyeingia mjini juzi na leo anawafundisha wenyeji njia. Kiingereza chake kina lafudhi ya Kikiga isiyoombewa radhi. Uso wake hutulia mno kabla ya maneno. Macho humtoka kidogo, midomo hujikaza, na mtazamaji huhesabu moyoni, moja, mbili, tatu, kama tunavyohesabu baina ya umeme na radi juu ya ziwa. Kisha hasira huja, na siri ya kicheko ni kwamba haiji kwa kipimo chake: jambo la shilingi mia hulipwa kwa ghadhabu ya laki, na jambo kubwa, ambalo mtu mwingine angelipigia yowe, yeye hulipokea kwa upole wa kutisha. Aliye na shangazi wa Kinyakyusa anayeuza mchele sokoni anakijua kipimo hicho, wala hakuhitaji kuletewa kutoka Kabale.

Sitaki kumsifu kupita haki. Vipo vichekesho vyake ambavyo kelele imechukua mahali pa ufundi, na mimi huvipita. Vilivyo bora, kwa rai yangu, ni vile ambavyo mwanamke yule hashindi. Amefoka, ametishia, amevua viatu tayari kwa vita, na mwisho anaondoka mikono mitupu, lakini anaondoka na neno la mwisho, ambalo amelichagua kwa uangalifu wa mtu anayechagua mbegu.

Ili kuona alichokifanya, inatupasa tukumbuke wanawake waliomtangulia. Nchini Kenya, kwa miaka mingi, kipindi cha Vitimbi katika televisheni ya taifa kilisimama juu ya mabega ya Mzee Ojwang', yaani marehemu Benson Wanjau aliyefariki mwaka 2015, na pembeni yake alikuwako Mama Kayai, ambaye jina lake halisi ni Mary Khavere. Kwetu Tanzania alikuwako Mzee Small, yaani Said Ngamba aliyetutoka mwaka 2014, na pamoja naye Bi Chau. Nawataja mabibi hawa kwa heshima kubwa, kwa kuwa walikuwa mafundi; lakini tazameni jinsi tulivyowapokea. Tulimwita mmoja mke wa Ojwang' na mwingine tukamjua kwa mwenziwe. Mume ndiye aliyelewa, aliyedanganya, aliyeanguka matopeni, na mke akawa ukuta ambao mpira ulipigwa ili urudi. Na ukuta, jamani, hauombwi saini na mtu. Kuna na jambo jingine la kushangaza: hata leo kichekesho cha mwanamke kikitakiwa, aghalabu gauni huvalishwa mwanamume. Joti, yaani Lucas Mhuvile, amecheza wanawake kwa ustadi ambao hata wake zetu wanaukubali, wala simwonei kijicho. Nasema tu kwamba nguo zile zina wenyewe.

Kansiime aliupindua mpango huo. Katika vichekesho vyake mume yupo, lakini mume ndiye ukuta. Mara nyingi hata jina lake hatulikumbuki. Na mwanamke, badala ya kungoja kuletewa kisa ili akijibu, amekuja nacho tayari kutoka nyumbani.

Mfano wa namna hii uliwahi kuonekana kwingine, kwa mwanamke asiyefanana na Kansiime hata kidogo, na kwa kuwa mwanamke huyo alitoka katika redio kama sisi tulivyo hapa, nitasimama kwake kidogo. Aliitwa Joyce Grenfell. Alizaliwa London tarehe 10 Februari 1910, binti wa msanifu majengo na mama wa Kimarekani, na mama yake mkubwa alikuwa Nancy Astor, mwanamke wa kwanza kuketi katika Bunge la Makabwela la Uingereza. Ni mtu wa nyumba kubwa, basi, wala njaa haikumfukuza kwenda jukwaani. Mwaka 1937 gazeti la Observer lilimpa kazi ya kuandika juu ya matangazo ya redio. Maana yake ni kwamba alilipwa mshahara ili asikilize, kazi ambayo wengi wetu tunaifanya bure na vibaya.

Mwezi wa Januari 1939, katika chakula cha jioni kwa rafiki yake Stephen Potter, alianza kumwigiza mama mmoja aliyemsikia akiwahutubia wanawake wa kijijini jinsi ya kutengeneza zawadi kwa vitu visivyonunuliwa. Hakumtukana mama yule, wala hakuongeza chumvi. Alirudisha tu sauti yake, na furaha yake ya kweli juu ya maganda ya mbegu za msituni. Mezani alikuwapo Herbert Farjeon, mwenye kuandaa michezo ya jukwaani, naye akamtaka afanye vilevile mbele ya watu. Na Aprili ya mwaka uleule Joyce akasimama jukwaani London, umri miaka 29, hajapata kuifanya kazi hiyo maishani. Vita vilipopamba moto, alizunguka mwaka 1944 na 1945 pamoja na mpiga piano wake, Viola Tunnard, katika hospitali za askari, kuanzia Aljeria hadi Misri, Iraki na Bara Hindi, akicheza pengine mbele ya vitanda kumi tu. Na tarehe 29 Septemba 1946, BBC ilipoifungua idhaa yake ya tatu, kipindi cha kwanza kabisa kilikuwa cha Joyce na Potter, na mada yake ilikuwa namna ya kusikiliza redio. Nawakumbusha kwamba sisi tulingoja hadi 1951 kabla ya Sauti ya Dar es Salaam kuanza kusikika, na hata hapo ilisikiwa na watu wa Dar es Salaam.

Katika sinema alicheza wanawake ambao kila mji unao na hakuna mji unaowataja. Mwaka 1950 alikuwa mwalimu wa michezo mwenye bashasha iliyozidi mahitaji; na katika sinema za shule ya St Trinian's, kuanzia 1954, alikuwa askari polisi aliyetiwa shuleni kwa siri akijifanya mwalimu, ambaye amechumbiwa na mkubwa wake wa kazi, na sinema inakwisha, nyingine inakuja, na ya tatu inakuja, ndoa bado inaahirishwa. Msicheke sana. Hata huku pwani ya Nyasa tunazo posa ambazo ng'ombe wamezeeka wakingoja kutolewa.

Lakini kilele chake ni mwalimu wa watoto wadogo. Anasimama peke yake, hakuna mtoto hata mmoja jukwaani, anazungumza na darasa zima kwa ile sauti tamu ya mtu ambaye uvumilivu wake umebaki kijiko kimoja. Na katikati ya maelezo juu ya maua au wanyama anasita, anamgeukia mtoto mmoja aitwaye George, na kumwambia asifanye hivyo. Basi. Hatuambiwi kamwe George alikuwa anafanya nini. Kila msikilizaji humpa George kosa analolijua yeye, na kila mmoja hucheka kosa lake. Mwanamke yule alikuwa amegundua kwamba mahali penye kuchekesha zaidi ni pale asipopasema, na redio, ambayo haina macho, ilikuwa imemfundisha.

Alidumu hivyo hadi mwaka 1973, jicho lake moja lilipopoteza nuru, akaacha jukwaa baada ya kucheza mara ya mwisho mbele ya Malkia katika kasri la Windsor. Alifariki tarehe 30 Novemba 1979, zikiwa zimebaki siku chache tu yeye na mumewe, Reginald, watimize miaka 50 ya ndoa.

Mmoja mpole, mwingine mkali. Mmoja wa nyumba kubwa, mwingine wa vilima vya Kabale. Mmoja alimeza hasira ikamtoka kwa jina la George, mwingine hajameza kitu tangu azaliwe. Ukiniuliza yupi aliye bora nitakwepa, ila nitasema kwamba Joyce alilaumiwa kwa kuwaigiza watu wa chini yake hali yeye wa juu, na lawama hiyo haina pa kumshika Kansiime, kwa sababu mwanamke anayemwigiza ni wa kwao, ana lafudhi ya kwao, na akimkosea atamkuta sokoni. Hapo ndipo utani unapoachana na kejeli. Watani wetu wanapokuja msibani wakavaa koti la marehemu na kutembea mwendo wake mbele ya mjane, mjane akacheka huku machozi yanamtiririka, hawaogopi, kwa kuwa wanajua kesho ni zamu yao.

Nilimrudia yule mama wa Lyulilo Jumamosi mbili baadaye, si kwa haja ya chungu, ingawa nilijifanya nina haja. Nilimkuta anafungua mzigo, majani makavu ya mgomba yamemfika magotini. Nikamsimulia habari za Kansiime, nikamwambia kwamba yuko mwanamke anayelipwa fedha kwa kufanya jambo lile alilomfanyia bwana wa mwavuli, na nikamwuliza kama yeye, akiitwa, angekubali kupanda jukwaani. Hakuacha kazi yake. "Tata," akasema, "na vyungu nani atauza?"

Nikanunua kimoja kwa aibu, nikakigonga, nikakitegea sikio, nikalipa bei aliyoitaja. Nilikuwa nimekwenda kama hatua kumi mchangani nilipoisikia nyuma yangu sauti ya mwanamume, nzito, ya polepole, yenye kuvuta kila neno kana kwamba linakwenda mbali, ikiuliza iwapo mama, akiitwa, angekubali kupanda jukwaani. Nilijua ni ya nani kabla ya soko kucheka. Sikugeuka. Ila niliinua mkono kuishika shingo yangu, nikaikuta, wasikilizaji wapenzi, imelala upande.